Usimwogope Bibi Kabula

Kwako mke wangu Nyabwire,

Hujambo, mama? Mgongo umepona tangu ujifungue, au bado unakusumbua? Na mtoto ananyonya? Mama mkwe wangu mwambie shikamoo yake imo humu ndani ya bahasha, asidhani nimeisahau. Mimi huku mpakani ni mzima, nimenenepa mpaka usukani unalalamika. Foleni ya malori haisogei. Tumekaa hadi madereva tunajuana majina ya wake zetu, na wote wameshaambiwa kwamba mzuri ni wa kwangu.

Nimeona niandike, maana kwenye simu juzi mtoto alikuwa analia na wewe unalia, nikashindwa kujua nani ni nani. Nilichoshika ni hiki: mtoto analia kila jioni, na wazee wa kwenu wamesema ni bibi yangu amekasirika. Kwamba alifariki siku chache kabla mtoto hajazaliwa, mimi mjukuu aliyemlea sikufika kumzika, ndiyo maana anamsumbua mtoto. Mtoto apewe jina la bibi upesi, anyamaze. Halafu ukasema, "Baba, mimi huyo bibi yako namwogopa."

Nyabwire, mimi nimeendesha lori kwenye nchi ambazo wenzangu wanaziona kwenye kalenda. Nimerudisha tela nyuma mlimani, mvua inanyesha, mkono mmoja nakula mahindi ya kuchoma. Hakuna mtu wa kunitisha. Lakini nikimfikiria Bibi Kabula navua kofia, peke yangu ndani ya kebini. Na siyo kwa woga. Wewe ulimkuta ameshazeeka, amekaa kwenye kigoda, hasemi na mtu. Hukumjua. Ngoja nikwambie.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kijijini kwetu, ng'ambo ya Busisi, enzi za kivuko, daraja hata halijaotwa. Msimu wa dagaa ukichanganya, watoto hawaonekani shuleni. Wazazi wanawaweka ufukweni kulinda dagaa walioanikwa, wafukuze ndege. Walimu wengine walikunywa chai na kulaumu wazazi. Bibi alichomoa ubao ukutani, akajitwisha kichwani juu ya kata ya kanga kama mama anayepeleka sinia la samaki sokoni, akashuka nao ziwani. Sisi wachache tuliokuwepo tukamfuata na chaki. Akauegemeza kwenye mtumbwi uliopinduliwa, somo likaanza. Ndege akitua, darasa zima linapiga kelele, "Shwaaa!" kisha linarudi kwenye irabu. A, e, shwaaa, i! Mpaka leo nikisoma kibao cha barabarani nasikia harufu ya dagaa.

Mama mmoja akaja juu: "Mwalimu, mtoto akikutazama wewe, dagaa wangu atawatazama nani?"

"Mimi," Bibi akamjibu. "Nina macho mawili. Moja la ubao, moja la dagaa wako."

Na hakuliwa hata dagaa mmoja. Sawa, naongeza chumvi. Labda waliliwa wawili.

Kichwa changu unakijua; la saba nililimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu. Nikaenda mjini kuwa msaidizi wa mafundi kwenye gereji moja pale Mirongo. Bosi wetu alikuwa mkali hata mbwa wa gereji walikuwa wanaomba ruhusa kubweka. Siku moja anaingia Bibi, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini, mfuko wa michembe begani, vile viazi vyetu vya kukausha. Amevuka ziwa kuja kuuliza swali moja.

"Mjukuu wangu anakula?"

Bosi akageuka amfukuze. Alipomwona, sigara ikaenda mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Itoe hiyo, utaunguza shati."

Mke wangu, lile jitu lilisimama wima kama liko kwenye gwaride! Mafundi wawili wakatambaa kutoka chini ya lori, grisi mpaka masikioni: "Shikamoo, Mwalimu!" Kumbe wote walipita mikononi mwake. Bibi akakaa juu ya tairi, akanitazama nikila michembe na karanga mpaka nikamaliza. Akasema, "Haya." Akaondoka. Safari yote ile, miguu na kivuko, kwa ajili ya kunitazama nikila. Mimi nimeona misafara ya wakubwa, ving'ora na pikipiki mbele. Sijaona ukubwa kama ule.

Sasa hilo la kilio. Siku ya kwanza ya shule watoto wapya wanalia wote, unajua. Bibi hakunyanyua fimbo. Alikuwa anakaa chini sakafuni pamoja nao, anasema, "Hapana, mkilia wote siwasikii vizuri. Tutalia kwa zamu. Aanze huyu." Mtoto analia, wengine wanamsikiliza. "Amelia vizuri, mpigieni makofi! Anayefuata." Anayefuata ameshasahau alikuwa analilia nini, anacheka na makamasi yake. Mtu wa namna hiyo, Nyabwire, ndiye amlize kitukuu wake?

Mzigo wa watu sikuweza kuuacha barabarani, ndiyo maana sikumzika. Habari iliponifikia, madereva walikoka moto kando ya lori langu, tukakaa matanga hapo hapo, nikawasimulia. Dereva mmoja Mkongo akauliza, "Yule mama alikuwa waziri?" Nikamwambia, "Mkubwa zaidi." Nikaongeza kuni motoni.

Kwa hiyo mpeleke mtoto kliniki, wamwangalie tumbo na masikio. Wazee wakinuna, sema ni mimi niliyeamua, waningoje wanigombeze mwenyewe. Na jina, mimi natamani aitwe Kabula, sikufichi. Lakini usimpe kwa woga. Jina la mtu yule lisiingie nyumbani kwetu kama dawa chungu. Ngoja siku mtoto ameshiba, anakuchekea, na wewe moyo umetulia. Likikutoka lenyewe mdomoni, basi. Lisipotoka, mpe jina unalolipenda wewe, nami nitamwita hilo hilo kwa sauti mpaka mtaa wetu wote wa Igogo usikie.

Msalimie mama yangu, shemeji yangu mshona nguo, na yule jirani muuza mkaa anayejifanya mdogo wangu. Barua anayo dereva mwenzangu. Mpe chakula, amekuja mbali.

Ukishaamua, nipigie uniambie jina. Hilo tu, nikate simu nikae nalo.

Mumeo akupendaye,
Masanja