Dhamana ya Miaka Mitatu

Jumatatu, 1 Septemba

Kilo sitini na nane na nusu. Asha, mke wa mwanangu, ameziandika kwenye karatasi ya ukutani kama kila asubuhi, kisha akanishika mkono nishuke kwenye mizani. Miguu imevimba kidogo. Uji bila chumvi. Vidonge vitano, na kimoja chanipeleka msalani mpaka adhuhuri.

Somo la kwanza kwa kompyuta mpya. Mzee wangu wa Denmark, aliyeoa Mkenya na anataka kuzungumza na wakwe. Picha safi, sauti safi. Ile ya zamani ilikuwa ikizimika katikati ya sentensi. Miaka thelathini na mbili nilisomesha Kiswahili kwa chaki, darasa limejaa mpaka madirishani. Sasa nasomesha watu wazima wanne, mmoja mmoja, miguu juu ya stuli, hapa hapa Timbwani. Moyo umepanuka lakini mdomo haujambo. Kazi hii ndiyo inayonitoa kitandani.

Tuliinunua juzi Jumamosi huko Changamwe, mimi na mwanangu Salim. Pesa zangu, za kiinua mgongo. Muuzaji, mwanamke wa bara, Mercy jina lake, alisema kompyuta "iko na waranti ya mwaka moja". Nikamwambia ni mwaka mmoja, na ni dhamana. Alicheka. Sikucheka. Akasema naweza kuiongeza ifike miaka mitatu, ila nilipe kabla ya siku kumi na nne kwisha. Mwisho Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Pumzi zilikuwa zimenikatika, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Salim akamalizia mambo ya kaunta.

Nafikiri nitaiongeza. Hewa ya huku inakula kila kitu.

Jumanne, 2 Septemba

Baada ya magharibi, tukila, niliwatajia habari ya dhamana. Sikuwa na nia yoyote. Mazungumzo tu.

Salim akasema, "Mwaka mmoja unatosha, mama." Hakuinua uso.

Asha akaondoka kwenda kuleta maji. Jagi lilikuwa mezani, limejaa.

Uso wa mtu anayejua jibu na anaomba asiulizwe naujua. Nimeutazama maisha yangu yote ya kazi.

Mwezi uliopita daktari wa moyo alimwita Salim nje ya mlango. Walikaa huko muda. Mimi nilikuwa ndani navaa buibui, vidole havishiki vifungo. Salim aliporudi akasema tupunguze chumvi. Sikuuliza zaidi. Niliamua kutouliza.

Mwaka mmoja unatosha. Kumbe ndivyo nilivyoambiwa muda niliobakiwa nao, kwa mdomo uliojaa wali.

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimekuwa mbaya kwa makusudi.

Nilimpigia Salim kazini. Nikamuuliza, na tukiifanya ya miaka miwili je? Akasema yuko na mteja. Friji ya mkewe aliilipia dhamana ya miaka mitano, hakuna aliyemuomba.

Aliporudi alikuja chumbani kunisalimu. Nikamwambia mwakani nataka jiko la nyuma liezekwe upya. Mwaka wa pili tujenge choo kingine upande wa uani. Mwaka wa tatu, inshallah, tukahiji pamoja, aanze kutafuta nafasi mapema. Nilisema polepole, mwaka kwa mwaka, namtazama machoni. Alikuwa akiitikia inshallah, inshallah, shati limemganda mgongoni.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Huyu nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, na leo nilifurahi kumuona anatota jasho mbele yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilitaka kusoma masharti ya dhamana mwenyewe. Boksi la kompyuta liko juu ya kabati la Salim. Nilimwambia Asha aniteremshie. Akasita. Nikarudia kwa sauti ya darasani. Akaliteremsha.

Masharti hayakuwamo. Risiti ilikuwamo. Mnunuzi: Salim. Kitambulisho chake. Namba yake ya simu. Mimi sipo popote kwenye karatasi ile.

Nilimuuliza Asha kama anajua. Huyu mkaza mwana wangu ni mtu wa maneno machache. Unakereka kabla hajajibu.

"Alisema itakuwa rahisi mbele, mama."

"Mbele wapi?"

Alianza kuikunja risiti.

"Unanipima kila asubuhi kama mbuzi wa Idi. Unajua. Sema."

"Mimi si wa kusema, mama."

Nikamtukana. Tusi lenyewe sitaliandika. Lilihusu miaka sita aliyokaa kwangu bila mtoto, na lilitoka jepesi, kama lililokuwa likingoja. Alifunga boksi vizuri, akalirudisha juu ya kabati, akaenda kuniletea vidonge vya saa nane na gilasi ya maji.

Nikapiga simu dukani. Mercy akasema pole, ni mwenye mashine peke yake anayeweza kuongeza dhamana. Mwenye mashine. Nimekaa mbele ya mashine hiyo kutwa nzima sikuigusa.

Jumapili, 7 Septemba

Wazazi wa Asha walikuja kutoka Ng'ombeni kututazama. Watu wa adabu. Mzee Hamisi amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkewe ameleta madafu na mihogo ya shambani. Pilau kwao, wali mkavu kwangu kwenye sahani ya pembeni.

Nilingoja mpaka wote wamenawa na kuanza kula.

Nikasema, "Salim, waeleze wakwe zako daktari alikwambia nini pale mlangoni."

"Mama, si sasa."

"Kwa nini si sasa? Kompyuta yangu umekwisha kuirithi. Risiti nimeiona. Waambie nimebakiwa na muda gani, wapate kujua waje lini tena."

Mzee Hamisi akarudisha tonge sahanini. Mkewe akasema, "Subhanallah, dada." Salim alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikamwambia sentensi moja tu. Kiima na kiarifu. Aseme.

Akasema.

"Daktari alisema mwaka. Pengine usitimie."

Kisha akalia. Mtu wa miaka thelathini na nane, ndevu zake, mbele ya baba mkwe, kamasi zinamtoka. Hakuna aliyemgusa. Asha alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

Mimi nilimaliza wali wangu. Nilitaka waone kwamba namaliza. Haukuwa na ladha yoyote.

Wageni waliondoka kabla ya alasiri. Kwa kawaida hukaa mpaka jua lipungue.

Jumatatu, 8 Septemba

Kilo sabini. Maji yamerudi mwilini. Asha ameandika. Nimefuta masomo yote mawili, nimemwandikia mzee wa Denmark kwamba nina mafua.

Mchana Asha alikuja kuninyanyulia mto. Nilikuwa nimefumba macho. Akasema, taratibu, kama anayeuliza bei ya nazi:

"Mama, ulitaka kujua, au ulitaka watu waone?"

Alijua siko usingizini.

Mwaka. Pengine usitimie. Naliandika tena nione linakaaje. Linakaa tu.

Jumatano, 10 Septemba

Salim anatoka kabla sijaamka na anarudi anapitia mlango wa uani. Sauti yake naisikia, uso wake siuoni. Namsikia akimuuliza Asha kama nimekula.

Hofu imekuja leo, kwenye saa nne za asubuhi, jua limewaka, mwanamke anapita nje anauza bajia. Sikuwa nafikiria lolote. Mikono ikapoa, nikashika godoro. Nilitamani kumuita Salim nikaona haya. Nilimuita Asha. Alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda akichambua mchele kwenye ungo wake mpaka ikapita.

Nilitaka kumuomba radhi kwa lile la Ijumaa. Maneno yakakataa. Kiswahili changu chote kile.

Alhamisi, 11 Septemba

Mercy amenitumia masharti kwenye simu, baada ya kumsumbua mara tatu. Kurasa nne. Nimezisoma na kalamu mkononi.

Dhamana ya nyongeza hailipii maji. Hailipii kutu wala chumvi ya hewani. Hailipii umeme ukipanda au kukatika ghafla. Hailipii wadudu. Hailipii kuanguka. Kuanzia mwaka wa pili betri haimo. Na mashine lazima ipelekwe Nairobi, wakae nayo mpaka watakapoona ina nini.

Kila kinachoua kompyuta Likoni kimetolewa nje. Kompyuta ya zamani iliuawa na chumvi na stima. Ya kabla yake siafu waliingia wakataga mayai. Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Kwa hiyo si ya kununua. Hata ningekuwa na umri wa Asha nisingeinunua.

Lakini sasa nina tatizo. Nisipoinunua, Salim ataona nimekubali hesabu yake. Nikiinunua, nimenunua kurasa nne za kumkomoa mwanangu, na nitakuwa mjinga wa makusudi. Ijumaa iliyopita ningeinunua bila kufikiri. Leo sijui. Keshokutwa ndio mwisho.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimechoka sana lakini naandika.

Nilimwambia Asha anisindikize Changamwe. Hakubisha. Mteremko wa feri siuwezi tena, tukachukua teksi tukazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Njiani nilimwomba radhi. Nilitazama dirishani nikasema, lile neno nililokwambia Ijumaa ile, nisamehe. Akasema, "Nimesikia, mama." Hakusema amesamehe. Sikumdai.

Dukani Mercy alinipa kiti mwenyewe. Nikamwambia shida yangu ya kwanza ni risiti. Nataka jina langu. Akasema haiwezekani bila aliyeandikwa kuwepo na kitambulisho chake. Nikakaa na simu mkononi. Siku sita sijasema na mwanangu. Nikampigia. Nikamwambia niko wapi na nataka nini.

Alikuja kutoka bandarini, kadi ya kazi bado inaning'inia shingoni. Akaniamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba."

Nikamuuliza pale pale, Mercy anasikia, kwa nini aliandika jina lake.

"Niliona itakuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwangu. Nilikuwa nafikiria nitakavyokuja hapa peke yangu na karatasi ya marehemu, niulizwe mwenyewe yuko wapi. Sikuweza kufikiria hivyo halafu nikaandika jina lako."

Mercy akainamia kompyuta yake akajifanya anatafuta kitu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Makali, yenye mpangilio. Nilikuwa nayo tangu Ijumaa ile. Niliyatafuta pale kwenye kiti nikaona hayana kazi. Huyu hakutaka kompyuta yangu. Alikuwa amekwisha kwenda matangani peke yake, mwezi mzima, na mimi namtajia hija.

Nikasema, "Toa kitambulisho." Akatoa.

Mercy alibadilisha jina. Akachapisha risiti mpya, akanipa. Kisha, kazi ni kazi, akauliza kuhusu nyongeza. Leo ndio mwisho. Watu wengi hujuta baadaye.

"Miaka mitatu si mingi, mama. Unaona hivi, imeisha."

Salim akageuka kutazama barabara. Asha akaniwekea mkono begani. Haukuwahi kukaa hapo kabla.

"Sitaki," nikasema.

"Kwa nini mama?"

"Hailipii chumvi. Wala stima. Wala siafu. Nimesoma kurasa zote, na ya tatu ina makosa manane."

Salim alinitazama. Sikujua anaona nini. Nilitamani kumwambia kwamba nimekataa kwa sababu mkataba ni mbaya, si kwa sababu nyingine. Atafikiri atakavyofikiri.

Alitusindikiza hadi kwenye teksi, akanipakia kwa mikono miwili, akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili. Akasema ataomba ruhusa Jumatatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya asubuhi, imepita. Salim hakwenda kazini.

Asha alitupikia mahamri na mbaazi za nazi, akaenda Ng'ombeni kwa mamake. Nilimpa salamu kwa mzee Hamisi na mkewe. Aliniuliza ni salamu au ni samahani. Nikasema ni vyote viwili. Akasema atafikisha.

Nikamuomba Salim anieleze yote aliyoambiwa na daktari, kuanzia mwanzo, bila kuruka. Alianza vibaya akarudia. Moyo unasukuma kiasi gani. Dawa gani itaongezwa, na lini haitafaa tena. Miguu itakuwaje, pumzi zitakuwaje, nitalala vipi. Dalili gani tukiziona tukimbilie hospitali, na zipi tukae tu nyumbani. Mengine alikuwa ameyaandika kwenye simu, akanisomea. Nilimuuliza maswali mawili. La pili akaliandika kwenye simu amuulize daktari.

Alipomaliza chai ilikuwa imepoa. Akauliza kama anirudishe kitandani.

Nikasema bado. Akavuta kiti chake karibu na dirisha, akakaa.