Siku Babu Alipomwona Masanja

Ngokolo, Shinyanga

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Sisi hatujambo, mpunga umeota vizuri, na shangazi yako amerudi salama kutoka Geita. Umeuliza niliwezaje kuunganisha simu na runinga bila fundi.

Nilipokuwa mke kijana kule Rwamgasa, dada yangu aliniandikia barua kwamba amejifungua salama hospitalini Kolandoto. Nikaingia chumbani niisome peke yangu. Mama jirani, aliyeona barua ikifika, akagonga mlango: "Soma kwa sauti, nasi tufurahi." Nikaisomea uani. Wanawake walipopiga vigelegele, furaha yangu ikawa kubwa kuliko ile ya chumbani.

Basi ulipotuma video ya mwanao Masanja akianza kutembea, nilimshikia babu yako simu. Akasema, "Namwona." Nilijua haoni kitu kidogo hivyo, hakutaka tu nihuzunike. Nikawasha runinga, nikahakikisha yenyewe na simu zinatumia waifai moja. Kwenye mipangilio ya simu nikagusa palipoandikwa kuonyesha skrini. Likatokea jina la runinga yetu, nikalichagua, kisha nikakubali kwa rimoti. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili Masanja akaijaza runinga nzima.

Nikawaita majirani. Babu yako akasogeza kiti, akatazama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kumbe ana masikio yangu," akasema, "na siku zote hizi hamkuniambia."

Mbebe kitukuu wetu kwa niaba yetu.

Bibi yako,
Ngollo