Mwanao Amepata Marafiki

Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mikate,
Mlango wa tatu.
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Shikamoo yako ya barua iliyopita niliitikia kwa sauti nikiwa peke yangu, jirani akauliza nazungumza na nani. Mgongo wako unaendeleaje? Bado wanakunyanyulisha yale masufuria ya hospitali? Waambie wewe ni mpishi, si winchi. Shemeji hajambo? Na mapacha, wameacha kung'atana? Sisi huku wazima. Baba watoto ameizoea kazi ya lori la mikate, ila inamtoa kitandani gizani na kumrudisha amekwisha.

Utaona mwandiko umelala huku na huku. Ni wangu. Barua zote huwa namtamkia mwanao, huyu binti yetu mkubwa, yeye ndiye anaandika. Hii siwezi kumtamkia kwa sababu inamhusu yeye. Nimeianza jana, kwa hiyo nivumilie.

Unamjua alivyo. Mtoto anayesoma hata gazeti lililofungiwa sabuni. Basi huku tulikohamia, wenzake wa shule mpya hawakumpokea. Wiki ya kwanza alinyoosha mkono kwa kila swali, wakampachika jina Kamusi. Akaacha kunyoosha mkono, jina likabaki. Kuna msichana wanamwita Bosi. Bosi akicheka, darasa zima linacheka. Akinuna, wote wananuna. Mwanao alichotaka ni Bosi amtazame tu.

Alihangaika, mdogo wangu, mpaka nikamwonea huruma. Alikunja soksi kama wao. Alijifunza mwendo wao mbele ya kioo changu cha kusukia wateja, nikamuuliza kama kiatu kinambana. Kisha akaanza vichekesho. Alivitoa vitabuni, ananijaribia mimi nikiwa nasuka. "Mama, nikisema hivi, utacheka?" Anakisema. Mimi sijaelewa, naendelea kusuka. Ananifafanulia, nacheka. "Mama, umecheka kwa huruma." Mteja niliyekuwa namsuka akadakia, "Mwanangu, kichekesho ukishakifafanua kinakuwa somo." Huyo mteja ndiye aliyetuchekesha.

Basi siku moja mawingu ya mvua yalitanda nikampelekea koti. Ilikuwa saa ya mapumziko. Nikasikia kicheko darasani kwao, kile cha kushika mbavu, nikachungulia dirishani. Aliyesimama katikati alikuwa mwanao! Kwa furaha nusura nigonge kioo.

Ndipo nikaona anachofanya. Alijifuta mikono kwenye sketi. Akashika karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akaweka kidole chini ya neno, midomo ikaanza kucheza kabla ya sauti kutoka. "Ngoja, ngoja! Usinisaidie! Nimeshaipata!"

Ni mimi huyo. Mimi kabisa ninavyosoma, hata namna ninavyovuta pumzi neno likiwa refu. Bosi alikuwa amelalia dawati kwa kucheka. "Kamusi, rudia! Mfanye mama tena!" Naye akarudia.

Sitakuficha, kwanza nilicheka. Anajua kuigiza, yule mtoto. Halafu nikarudi nyumbani na koti mkononi. Yeye akaja jioni ameloa chapachapa, anaimba. Alikula, akaongeza. Nikamuuliza habari za shule, akasema, "Nzuri, Mama," na kwa mara ya kwanza tangu tuhame niliona ni kweli. Ningeanzia wapi kumnyang'anya furaha ile?

Baba yake sijamwambia. Unaijua sauti yake, angeipeleka yote shuleni.

Jumamosi iliyofuata wakaja hapa, Bosi na wenzake wawili, eti Bosi anataka kusukwa. Nikamweka chini, kichwa katikati ya magoti yangu, mwanao amesimama ubavuni ananishikia chanuo. Mazungumzo yao yanapita juu yangu kama sipo. Mara Bosi akaokota kopo la mafuta, akalinyanyua. "Eti Mama, hapa wameandika nini?" Kwa adabu kabisa. Wale wawili walikuwa wameshaziba midomo.

Nikamtazama mwanao. Rangi ilikuwa imemtoka. Chanuo amelibana mpaka meno yanamwingia kiganjani.

Ningeweza kusema mikono ina mafuta. Ningeweza kumwambia, soma mwenyewe, si una macho? Lakini niliwaza kwamba nikiwakatalia wataondoka wamenuna, na Jumatatu mtoto atarudi kula peke yake kwenye ngazi za shule. Basi nikajifuta mikono kwenye sketi. Nikasogeza kopo mbali, nikalileta karibu. Nikaweka kidole. "Ngoja, ngoja," nikasema. "Usinisaidie."

Walicheka, mdogo wangu, mpaka Bosi akanichomoka mikononi na kichwa kilichosukwa nusu. Na mwanao alicheka. Alicheka kuliko wote. Kisha akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Hakurudi mpaka wale wameondoka.

Sasa ana marafiki. Bosi anampitia asubuhi, wanakwenda wameshikana mikono. Kitabu sijakiona mkononi mwake siku nyingi, nikimuuliza anasema amechoka. Nami nilikuwa nikiomba apate watu wa kutembea nao, kwa hiyo siwezi kusema sikusikilizwa.

Humu ndani ndimo mambo yameharibika. Ikija karatasi ya umeme, kabla sijanyoosha mkono ameshanisomea, haraka haraka, macho chini. Dawa ya mdogo wake vilevile. Hataki kukiona kidole changu. Ananiita Mama kwa adabu kama mgeni, na akidhani simwoni ananiangalia kama mtu aliyevunja kitu akaficha vipande.

Nataka kumwambia iliniuma na imepita, aendelee na maisha yake. Lakini nikisema hivyo atajua kwamba siku ile ya kopo nilifanya makusudi, kwamba nilikuwa dirishani, kwamba nilijua. Hiyo aibu yake naiogopa kuliko yangu. Nisiposema nako, tunabaki hivi, watu wawili wanaopishana kwenye chumba kimoja.

Juzi akaja akasimama mlangoni. Shule inafungwa mwisho wa mwezi, na Bosi anataka kuja tena kusukwa, safari hii na kundi zima. Akauliza, "Mama, siku hiyo utakuwa na wateja wengi?" Nilimwangalia usoni nijue anaomba jibu gani, la ndiyo au la hapana. Sikuliona. Mimi niliyemzaa sikuliona. Nikamwambia nitaangalia, naye akasema haya, akabaki pale pale mlangoni.

Bado hajapata jibu. Wewe alikuwa akikueleza mambo asiyonieleza mimi. Niambie nimjibu nini.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama mkwe wako mpe pole ya goti. Mungu akulindie mgongo na akuondolee kila zito.

Ni mimi dada yako, nisiyepitisha siku bila kukutaja,

Mama Watoto.