Jicho Lililowekwa Juu ya Televisheni Yangu

Palaio Faliro, Athene
Ghorofa ya tatu, palepale
4 Machi 2025

Mpendwa dada Smaragda,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, nikitumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari wa huko Melbourne anataka kukuwekea la bandia. Usimkubalie siku hiyohiyo. Mimi presha imetulia, kikohozi cha Januari kimekwisha, na jana tumeanza Kwaresma kwa mkate wa ufuta na zeituni. Upepo ulikuwa mkali hivi kwamba vishada viwili vya watoto vilinaswa kwenye nyaya za tramu.

Picha zako zimefika. Mjukuu wako nimemtambua kwa pua. Ni pua ya babu yetu, imevuka bahari zote hizo bila kupungua.

Sasa nina jambo ambalo sijamsimulia mtu mwingine. Nakuandikia wewe kwa sababu unajua sisi Wagiriki tulivyofukuzwa Mjini kwetu, kando ya Bosfori, mwaka wa sitini na nne, kila mtu na sanduku moja la kilo ishirini, na unamkumbuka kinyozi wa chini ya nyumba yetu, aliyetusalimia vizuri kila asubuhi na kupeleka majina yetu polisi kila jioni. Mtu mwingine ataniita mzee mwenye wasiwasi. Wewe utasoma mpaka mwisho.

Tarehe saba Januari, sikukuu ya mtakatifu wa jina langu, binti yangu Evanthia na mumewe Pantelis walikuja na keki na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na utepe mrefu wa taa na kamera ndogo kama njugu. Pantelis alibandika utepe nyuma ya televisheni kuzunguka kingo zote, na kamera akaiweka juu, katikati, ikiinamia kioo. Kazi yake, alisema, ni kutazama rangi zinazopita kwenye kioo na kuziambia taa, ili ukuta wa nyuma uwake rangi zilezile kwa wakati uleule. Bahari ikionekana, ukuta unakuwa bahari. Nyumba ikiungua, ukuta nao unaungua.

"Utajiona uko ndani ya filamu, baba," akasema.

"Niko ndani ya nyumba yangu. Panatosha."

Ili kuifundisha kamera mipaka ya kioo, alibandika juu ya kioo vipande saba vya sponji ya rangi ya chungwa, akafungua simu yake na kuanza kuvigusa kimoja kimoja. Nilisimama nyuma ya bega lake. Kwenye simu niliiona televisheni yangu imepinda, kama vitu vinavyoonekana kupitia tundu la mlango. Na chini ya televisheni, Smaragda, niliona zulia langu na ncha za ndara zangu.

"Hiyo inanitazama," nikasema.

"Inatazama kioo tu, baba. Wewe huna rangi za kutosha."

Evanthia alicheka. Mimi sikucheka, na nitakueleza sababu. Septemba niliteleza bafuni. Sikuvunjika kitu. Lakini Oktoba Pantelis alikuja na kijitabu chenye picha za nyumba ya wazee, ina bustani na mabenchi, huko milimani. Alisema fleti yangu inaweza kupangishwa kwa watalii kwa siku, iko karibu na bahari, na kwamba ningekuwa salama zaidi. Tangu hapo neno "usalama" likawa linatajwa humu ndani zaidi kuliko habari za asubuhi. Nyumba hii tuliichagua mimi na marehemu mke wangu Kalliroi, kwa miguu yetu, baada ya kufukuzwa kwenye ile ambayo hatukuichagua kuiacha. Kwa hiyo nilipoziona ndara zangu kwenye simu ya mkwe wangu, sikufikiria filamu. Nilifikiria daftari: mzee kajikwaa Jumanne, mzee kasahau gesi Alhamisi.

Walipoondoka nilikwenda kwenye droo ya Kalliroi nikatoa kitambaa chake cha kufuma, kile kilichokaa miaka thelathini juu ya televisheni ya zamani, pembe moja ikining'inia mbele. Nyumba gani ya rika letu haikuwa nacho? Televisheni za siku hizi ni nyembamba, hazibebi hata kitambaa, ikabidi nikibane kwa vibanio viwili vya nguo. Pembe ikaangukia juu ya jicho na kulifunika. Taa zikachanganyikiwa. Kipite chochote kwenye kioo, ukuta ulibaki na rangi moja, kama maziwa yaliyochacha. Evanthia aliponipigia kuuliza zinaendaje, nilimwambia ni nzuri sana.

Nikiri jambo moja, maana kwako sifichi. Jioni moja walionyesha filamu ya Bosfori. Niliondoa kitambaa. Ukuta mzima ukawa kijani kile cha maji ya chini ya gati, na kivuko kilipogeuka, weupe wake ulitoka nje ya kioo ukapanda mpaka kwenye picha ya harusi yetu. Ilipofika miti ile inayochanua rangi ya waridi kando ya maji, chumba kikawa Aprili. Nilikuwa nimeshika kikombe na sikunywa. Ila waridi lenyewe lilikuwa na zambarau nyingi mno, miti yetu haikuwa hivyo, na nikajiuliza ni nani anayefaidika na mimi kuamini kwamba nipo mahali nisipokuwapo. Filamu ilipokwisha nikakirudisha kitambaa na vibanio vyake.

Kisha, Jumatatu ya mwisho ya Januari, saa nne na nusu asubuhi, Evanthia akanipigia kutoka duka la dawa anakofanya kazi.

"Baba, leo hukutazama habari?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Ni kweli sikuwa nimewasha. Nilikuwa nasikiliza redio. Na jicho lilikuwa limefunikwa. Basi nani alimwambia? Nilichukua daftari na kufanya majaribio ya siku sita. Siku tatu niliwasha televisheni saa mbili kamili: hakuna simu. Siku tatu nilikaa na redio: simu ilikuja saa nne na nusu, saa nne na dakika thelathini na tano, saa nne na nusu. Mara ya kwanza aliuliza kama nina maziwa, ya pili kama nimeota, ya tatu alisema amepiga kwa bahati mbaya.

Jumapili, mbele ya supu ya kuku, nilimuuliza: "Evanthia, nikifa Jumanne saa moja asubuhi, wewe utajua saa ngapi?"

Akaweka kijiko chini. "Saa nne na nusu," akasema.

Akanionyesha simu yake. Televisheni ikiwaka, taa huamka nayo, na kwenye simu hutokea nukta ya kijani. Televisheni ikizimwa, nukta inazimika. Hakuna picha, alisema, picha ilikuwa ya kupimia tu siku ile ya kwanza. Nimeandika kwamba amesema hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungezing'oa ukutani."

Hilo nilimkubalia. Lakini nilijua kwamba wao walinunua boksi mbili, moja ya kwao Kallithea. Nikatoa simu yangu nikaiweka kando ya chumvi. "Basi nami niwekee nukta yenu."

Pantelis aliacha kutafuna. "Ya nini, baba?"

"Usalama."

Evanthia alicheka mpaka akafuta macho, akaiweka palepale. Pantelis hakucheka. Hilo pia niliandika.

Siku mbili za kwanza niliona nukta yao ikiwaka jioni, kama watu wote. Siku ya tatu niliiona saa tano asubuhi. Evanthia saa hiyo yuko dukani. Pantelis saa hiyo yuko kwenye ghala la kampuni ya lifti iliyomwajiri, huko Aspropyrgos. Mwizi hakai kutazama televisheni. Nikapiga simu yao ya mezani. Ikaita mara tano, na ilipokuwa inaita ya sita, nukta ikazimika mkononi mwangu.

Kesho yake ikawaka tena. Safari hii nilipiga simu ya Pantelis mwenyewe.

"Taa zangu zimegoma, mkwe. Njoo uzitazame."

"Niko kazini, baba. Nitapita jioni."

"Ukiwa kazini, nani anatazama televisheni sebuleni kwenu?"

Akakata simu. Alifika baada ya dakika ishirini na tano. Kutoka Aspropyrgos ni saa nzima.

Alikaa kwenye kochi bila kuvua koti. Ghala lilifungwa Oktoba. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake, akazunguka mpaka Evanthia aondoke, akarudi nyumbani. Alikuwa akiishi kwa malipo ya kuachishwa kazi, na alikuwa akitafuta, alisema, lakini mtu wa miaka hamsini na nne wanamtazama kama fenicha. Oktoba, Smaragda. Kijitabu cha nyumba ya wazee nacho kilikuja Oktoba. Nilimtajia miezi hiyo miwili kwa utaratibu, nikaona shingo yake inakuwa nyekundu. Sikuhitaji aseme.

"Utamwambia mkeo kabla ya Kwaresma," nikamwambia.

"Nisipomwambia?"

"Kuanzia sasa utakuja kukaa hapa asubuhi, badala ya kujificha kama panya kwenu. Mimi nitawasha televisheni, na Evanthia ataona nukta na kutulia. Siku nitakayoacha kuiwasha, atakuja mbio, na atakukuta kwenye kochi hilo."

"Wewe mzee una roho mbaya," akasema.

"Nimefunzwa na wakubwa zaidi yako."

Akaja. Wiki mbili nzima tulikaa pamoja, yeye akiandika barua za maombi kwenye meza ya Kalliroi, mimi nikimsahihishia, maana anaandika kama mtu anayeomba radhi. Siku ya tatu alikitoa kitambaa bila kuniuliza, akaniwekea mchezo wa mpira, na chumba kikawa kijani kama uwanja. Nilimwacha. Lakini kila mara simu yake ilipolia niliangalia kama anaigeuza kifudifudi, na tarehe zilikuwa zinakwenda.

Jumatano ya wiki iliyopita alikuja saa mbili kasoro. Nilipoinyooshea rimoti mkono, aliiwahi, akaikalia.

"Leo tusiwashe," akasema.

"Una hakika?"

"Sina. Kaa tu, baba."

Tulikaa mbele ya kioo cheusi, watu wazima wawili, tukijiona humo. Saa nne na nusu simu ikaita. Sikutaka kumtisha mtoto, nikapokea. Nilimwambia: mimi mzima, televisheni imezimwa kwa makusudi, njoo. Alifika na koti lake jeupe la duka la dawa, kalamu mfukoni, akitweta. Alinitazama mimi, akaona nimesimama. Kisha akamwona Pantelis, saa tano kasoro ya siku ya kazi, hana viatu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Oktoba."

Nilikwenda jikoni kupika kahawa. Niliiacha ikafurika mara mbili. Nilisikia mengine ambayo siyaandiki, ni yao. Lakini hili ni langu: nilimsikia Pantelis akisema kwamba wazo la nyumba ya wazee lilikuwa lake, kwamba alihesabu kodi ya fleti yangu badala ya mshahara wake, na kwamba kuteleza kwangu bafuni kulimjia kama zawadi. Alilisema lote, hadi neno hilo la zawadi. Kwa hiyo nilishuku sawasawa. Nilichokosea ni kushuku kamera.

Evanthia alikuja jikoni macho mekundu, akanishika mkono. "Hakuna atakayekuhamisha, baba."

"Niandikie," nikasema.

Alidhani namtania. Nikaondoa vikombe mezani nikampa nafasi. Akaitoa kalamu yake na karatasi yenye nembo ya duka, akaandika: *Baba atakaa nyumbani kwake mpaka atakaposema mwenyewe vinginevyo.* Akatia saini. Nikamwita Pantelis, akasoma, akatia yake kama shahidi, na akauliza kama ninataka na alama ya kidole. Nilisema haitakuwa vibaya, lakini hatukuwa na wino.

Sijui kama mahakama ingeijali. Wananipenda, hilo nalijua. Hata kinyozi yule, nadhani, alitupenda kwa namna yake. Ndiyo maana ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Hiyo si nakala, ni yenyewe. Iliyobaki kwangu, kwenye droo, ndiyo nakala. Itunze huko kwako pamoja na hati zako za nyumba, na usimwambie Evanthia kwamba unayo, hata akikupigia siku ya Pasaka.

Nisalimie shemeji Thrasos, na binti yako Despina, na shangazi Evdokia kama bado anakumbuka ni nani anayemsalimia. Mwambie mimi ni yule aliyevunja jagi. Mama wa Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe usingizi mzuri na watoto wanaopiga simu bila kuficha sababu.

Ndimi nikupendaye, ndugu yako,

Prodromos

Nyongeza: Ukiipata, nijulishe kwa barua, si kwa simu.