Mkate wa Kufutia

We Kasiani, mtani wangu, Mngoni mwizi wa mkate,

Nina hasira na wewe. Sikuandikii kukulilia, kulia wamelia wanaokujua kidogo. Na naandika mwenyewe kwa herufi hizi nilizojifunzia katekisimu, maana nikimpa mtu aniandikie atapunguza matusi.

Umekufa kabla ya zamu yako! Jumamosi nne nimekaa kwenye kigoda pale misheni, kifua wazi, baridi ya Iringa inaning'ata. Mimi, ambaye simba wa Ubaruku aliniona akanipisha njia, nimetulia kama kuku anayeatamia, ili wewe ujifunze kuchora mtu. Bruda, mwalimu wetu wa kuchora, akatufundisha: nyosha mkono, fumba jicho moja, pima kichwa kwa kijiti, mwili mzima utoke vichwa saba na kidogo. Wewe ukanitoa vichwa vitano! Bruda akasema futa. Utafuta na nini, wakati kile kipande cha mkate cha kufutia mkaa umeshakila? Na changu ukala. "Kichwa cha Mhehe hakifutiki," ukasema, makombo mdomoni. Darasa zima kicheko. Na mimi nikacheka, mshenzi wewe.

Kila nikikwambia sasa kaa wewe nikuchore: "Jumamosi ijayo, mtani." Ijayo ipi? Homa siku tatu tu, umeenda.

Msibani nimefanya kazi ya mtani. Nimevaa koti lako, nimetembea ule mwendo wako wa bata, watu wakacheka na machozi yao. Halafu nikashika mkaa nikakuchora: tumbo pipa, vichwa vinne, mkate mdomoni. Nikajisemea, hapo tumelipizana.

Kumbe nimejifunga mwenyewe. Mkeo, Mama Oresta, kaibandika ukutani. Picha ya kamera hukupiga hata moja, kwa hiyo sura yako yote iliyobaki duniani ni ule utani wangu. Juzi nimepita kwako. Oresta, hata miaka mitatu hana, kanivuta kidole mpaka pale ukutani. "Baba," anasema. Hacheki, Kasiani. Nikatoka nje nikakutukana mpaka mbwa wakabweka.

Sasa sikia. Nimerudi darasani. Nakuchora upya, na mwenye sura hayupo. Vichwa saba na kidogo, sikupunji. Mwanga unatoka dirishani, kushoto, halafu kivuli kinaingia polepole chini ya shavu, pale penye kovu la jembe. Shavu linakataa. Nachora, nafuta, nachora. Ile ya ukutani nitaibandua kwa mkono wangu, siku Oresta atakapoiona hii mpya na kusema lile neno bila kuambiwa. Nimeapa.

Lala basi, mwizi. Bruda bado ananipa vipande viwili vya mkate, changu na chako, kwa mazoea. Kimoja nafutia. Cha pili kinakaa mezani mpaka kinakauka, na hakuna anayekiiba.

Ni mimi, Mhehe wako wa vichwa vitano.