Nimemuunguza Mama Mkwe Nikigombana na Asiyekuwepo

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na tafadhali usiniambie nisamehe, maana hilo nimeambiwa na kila mtu hapa Myamba milimani hadi limenichosha.

Mume wangu Asheri anapakia mizigo stesheni ya Same, na miezi mitano iliyopita Chande muuza nguo alipopanda huku siku ya gulio akanipa pongezi za mtoto, nikamuuliza mtoto gani, akababaika, ndipo nikajua Asheri ana mke mwingine huko chini na mtoto wa kiume, na mimi huku namlimia shamba na kumtunzia mama yake, na tangu siku hiyo hasira haijanitoka, nikiteka maji nagombana naye kichwani, nikisaga nagombana naye, nikisali ndiyo kabisa, na siku moja nilishtuka nimekwisha kung'oa mstari mzima wa maharage pamoja na magugu.

Mama yake, Eliwaza, haoni tena. Hukaa kigodani karibu na mafiga akipukuchua mahindi, nami kila nikiepua chungu humwambia, "Mama, napita." Jumanne ile nilikuwa nimefikia jibu kali nililotaka kumpa Asheri, midomo ikicheza, sikusema kitu, nikageuka na chungu cha makande yanayochemka, nikajikwaa kwenye mguu wake, yakammwagikia mguuni pale pale.

Majirani walipokuja mbio aliwaambia amekipiga chungu teke mwenyewe kwa upofu wake, nami nikanyamaza. Walipoondoka akaniuliza taratibu, "Priska, huyo uliyekuwa ukigombana naye, mbona hakuungua yeye?"

Nikazidi kumchukia Asheri, maana ndiye aliyeniunguzia mama. Sasa nataka kupanda lori, niteremke Same, nikamwaibishe stesheni mbele ya watu wote. Niende?

Priska, Myamba.

JIBU

Bibi Priska, marahaba. Sitakuambia usamehe. Asheri amekukosea, na hasira yako ni ya haki.

Lakini chungu hakukishika Asheri. Ulikishika wewe. Kwa miezi mitano umempa macho yako na mikono yako avitumie bure, wala yeye huko hana habari, anakula na kulala. Nani amepata hasara? Mwanamke kipofu aliyekufichia aibu.

Leo hii nenda kwa majirani ukawaambie ukweli. Usingoje Jumapili.

Kisha jifunze upya kufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Ukiteka maji, teka maji, usikie mtungi unavyojaa. Ukishika jembe, tazama linapoangukia. Asheri atakuja tu kichwani, hana adabu huyo. Akija, tua ulichoshika, simama, angalia uko wapi na nani yuko karibu nawe, ndipo ushike tena. Itakubidi ufanye hivyo mara mia kwa siku. Fanya.

Stesheni usiende. Kelele za stesheni zitamfaidia yeye, atasema mke wangu ana wazimu. Waite wazee wa pande mbili, aitwe apande mwenyewe, na maneno yote uliyoyapika kichwani umwambie mbele yao, mara moja, akiwa amekaa anakutazama.

Na jambo la mwisho limeniudhi kuliko yote. Umeniandikia barua nzima, Priska, na hukunieleza hata kwa neno moja kidonda cha mama kinaendeleaje. Weka gazeti chini. Nenda kakitazame.