Kwenye Simu ya Binti Yangu Nyumba Ina Joto

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini kwanza nikutambulishe binti yangu, maana ukimjua yeye umenijua na mimi. Ni kitinda mimba wangu, nyumbani tunamwita Bisibisi, kwa sababu alipokuwa na miaka sita aliifungua redio ya marehemu baba yake skrubu moja moja, akazipanga kwenye sahani kama punje za mahindi, akairudisha yote, na redio ikaimba. Skrubu mbili zilibaki, mpaka leo ninazo kwenye kopo la vifungo. Mimi shule niliishia darasa la sita na sioni aibu kulisema, lakini tumbo hili limezaa fundi. Siku hizi anafunga mitambo ya kupasha nyumba joto katika kampuni moja iliyo safari ya siku nzima kutoka hapa, mafundi kumi na mmoja wanaume na yeye peke yake mwanamke, na wakikwama wanamwita nani? Sijisifu, naeleza tu.

Mwezi uliopita alikuja likizo ya siku nne, na badala ya kulala mpaka saa nne kama watoto wa wenzangu, akanifungia kidude cha joto, mafundi wanakiita themostati. Zamani tulikuwa na gurudumu dogo ukutani pale koridoni, ukilizungusha huku boila ya kuchemsha maji ya mabomba inawaka, ukilizungusha kule inazima, na mimi kila mara nasahau nimelizungusha wapi. Basi akazima umeme kwenye swichi kubwa, akaling'oa lile gurudumu, nyuma yake nyaya zimechomoza kama sharubu za mende, akafunga kisanduku cheupe jikoni pembeni ya boila, akarudisha umeme, halafu akatoa kidude chenyewe, cha duara, kinene kama sabuni mpya ya kuogea, usoni kina kioo chenye namba, na hakina waya hata mmoja. Akabonyeza kitufe kwenye kisanduku mpaka taa ikaanza kupepesa, akabonyeza na kile cha duara, akaniambia, "Tulia mama, vinatafutana." Tukasimama sisi wawili, mimi nimemshikia tochi, jua la asubuhi limeingia kwa mlango wa jikoni na vumbi linaelea ndani yake polepole, taa inapepesa, inapepesa, kisha ikatulia ikawa ya kijani, na nakwambia mshauri, moyo wangu nao ukatulia vilevile. Akamaliza kwa kukiunga na intaneti ya nyumbani, neno la siri tumeliandika chini ya kopo la sukari, na kutoka hapo kikaingia kwenye simu yake.

"Basi, mama. Popote nilipo nitaona nyumba yako ina joto kiasi gani."

"Hata ukiwa kule?"

"Hata nikiwa kule. Na nikitaka, nakuongezea."

Akakisimamisha kwenye kiguu chake juu ya rafu ndogo ya koridoni, akanibusu, akaondoka na begi lake la vyombo.

Wiki ile ya kwanza sitaisahau. Kabla sijafumbua macho nasikia mabomba yanaanza, tik, tik, tik, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole asiniamshe, halafu joto linaingia chumbani, linapanda kitandani, linanikaa miguuni, nami nimelala vivyo hivyo, sijui kama nimeamka au bado naota, dirisha limejaa ukungu mweupe kama maziwa, nikiwaza kwamba mahali fulani mbali mwanangu ameamka, na kabla hajanawa uso amegusa simu yake kwa kidole kimoja na kile kidole kimenifunika. Miaka mingapi mimi ndiye niliyekuwa naingia chumbani kwake kumrudishia blanketi alilolipiga teke. Nikawa naamka naenda koridoni nakisalimia kile kidude, hujambo mwanangu, na namba inaniangalia.

Jumapili yake nikaalika wenzangu wa kikundi cha kufuma waje wakione. Lakini koridoni kuna giza, watu wanapita na mikoba yao hawatazami kushoto wala kulia, na kwa kuwa hakina waya nikakihamishia sebuleni, juu ya meza, pale karibu na taa yangu ya kivuli cha kitambaa, taa nikaiwasha ili kioo kionekane, na nikakifumia vazi lake la sufi nyeupe nzito yenye pindo la buluu, kinavaa kama kofia ya kitoto na tundu la kuchungulia namba, maana kwangu kitu cha thamani hakikai uchi, redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata jagi lina chake. Jirani yangu mshonaji, mwanamke ambaye mdomo wake una makali kuliko mkasi wake, akakizunguka mara mbili, akasema, "Mwenzetu mpaka joto lake limesoma."

"Limerithi kwa mwenye nyumba," nikamwambia.

"Kwa darasa la sita lile?"

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo ile taa siizimi mchana wala usiku, anayepita dirishani naye ajionee.

Sasa shida yangu ni hii. Tangu wiki hiyo mabomba yamenyamaza. Asubuhi nalala nikisikiliza, nasikiliza, hakuna anayetembea. Vyuma vya joto ukutani ukivigusa ni kama kugusa sufuria iliyolala nje, mafuta yangu ya nazi ya nywele yameganda kwenye chupa, nafumia nikiwa na koti na soksi mbili kila mguu, na magoti yangu, usiniulize. Lakini nikikitazama kidude kinasema ishirini na mbili, na Bisibisi kila asubuhi ananiandikia, "Mama naona ishirini na mbili, umelalaje?" nami namjibu, "Kama mtoto mgongoni." Ningesema nini, mshauri? Kwamba kazi ya mikono yake imekufa baada ya wiki moja? Na kuna wazo jingine huja asubuhi kabla akili haijakaa sawa, kwamba labda kidude ni kizima, ila kile kidole ndicho kimechoka kunifunika.

Juzi akapiga simu, sauti inacheka.

"Mama, nimemwonyesha bosi mstari wa joto la nyumba yako kwenye simu. Umenyooka kama rula. Nyumba zote nilizofungia mitambo zinapanda na kushuka, ya kwako imetulia."

"Si ya mama yako?"

"Sikiliza basi. Anatafuta fundi mkuu. Kuna wanaomwambia wanaume kumi na mmoja hawawezi kuongozwa na msichana. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja naye, aione nyumba kwa macho yake."

"Mlete, nitapika."

"Na wewe husikii baridi, eh? Niambie kweli."

"Baridi gani? Nafungua madirisha kwa joto." Nilikuwa nimevaa koti nikiyasema hayo, na pumzi yangu naiona.

Jirani mshonaji anayo hita ya zamani ya umeme na amekubali kuniazima, nimepanga niifiche nyuma ya kochi kubwa siku hiyo, niiwashe asubuhi mapema, bosi aingie akute sebule imechemka, binti yangu apate cheo chake, mimi niendelee na koti langu mpaka majira yabadilike. Je, nitakuwa nimekosa? Au nimwambie mwanangu ukweli nimvunje moyo siku chache kabla ya siku yake kubwa? Nishauri haraka mwenzangu, naandika vidole vimekufa ganzi.

Ni mimi,
Mama Bisibisi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bisibisi, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, kwa sababu ya magoti yako na kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Pole kwa baridi. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Binti yako hakukosea waya hata mmoja, na kidole chake hakijachoka. Kile kidude huwa kinaonja hewa ya pale kilipo, kisha kinaiambia boila iwake au ipumzike. Hakina macho ya kukuona umevaa koti. Wewe umekitoa koridoni kwenye hewa ya nyumba, ukakiweka ubavuni mwa taa inayowaka usiku na mchana, ukakivika sufi nzito. Kimepata joto chenyewe, kikadhani nyumba nzima imepata, kikaiambia boila ilale. Ishirini na mbili unayoisoma ni ya ndani ya kofia. Nimemsomea barua yako fundi mmoja ninayemwamini, na sikufika hata mwisho, nilipofika kwenye pindo la buluu akaweka kikombe chini, ameshajua.

Sikulaumu kwa kufuma. Mwanamke anayekivisha kitu anachokipenda namwelewa, nami nina redio yenye kitambaa. Ninachokulaumu ni zile asubuhi ulizomwandikia mtoto "kama mtoto mgongoni" huku meno yanagongana. Alikuuliza kila siku. Alikuuliza tena kwenye simu, akakuomba kweli. Ukamjibu kwa madirisha. Na yeye nina neno naye, maana nyumba yenye mtu anayefungua mlango, anayepika na kualika wageni, mstari wake hauwezi kunyooka kama rula, na fundi alipaswa kushtuka. Lakini alipokuwa na shaka alimwuliza mtu anayemwamini kuliko kipimo chochote, na mtu huyo ni wewe.

Hita ya jirani usiichukue. Ukiificha nyuma ya kochi utakuwa umempeleka binti yako mbele ya bosi wake akiwa na mstari wa uongo mkononi, na hajui. Bosi wa mitambo ya joto ataweka kiganja kwenye chuma cha ukutani, akikikuta cha baridi ndani ya sebule inayochemka atageuka kumtazama nani? Hatakutazama wewe.

Fanya hivi. Kivue kofia. Kirudishe kwenye rafu ile ile ya koridoni aliyoichagua yeye, mbali na taa, mbali na jiko, mbali na jua la dirishani na upepo wa mlango. Kaa nacho kitambo. Namba itaanza kushuka, ishirini, kumi na nne, pengine hata nane, usiogope na usikiguse, hiyo ndiyo mara ya kwanza kinasema kweli tangu Jumapili ya wageni. Kisha sikiliza jikoni. Boila itaamka. Sijui itachukua muda gani mabomba yako kuanza kutembea tena, lakini umenieleza vizuri yanavyotembea, nina hakika hutayakosa. Yakikataa, bado hujaharibikiwa, unaye fundi.

Halafu mpigie. Usimwandikie, mpigie. Mwambie habari ya taa, ya kofia, ya koti, na ya ile pumzi uliyoiona. Unaogopa utamvunja moyo. Mama mwenzangu, mtoto huyu alibakiza skrubu mbili akiwa na miaka sita, ukazitunza na ukamsifu mpaka leo. Unadhani mtoto aliyelelewa hivyo atavunjwa na kofia ya sufi? Atacheka, kisha atakuuliza maswali, mjibu bila majigambo. Atakuwa anawaza siku zote alizoitazama ishirini na mbili akaridhika. Hapo ndipo utamwambia neno ambalo ulipaswa kulisema asubuhi ya kwanza: mwanangu, nilikuwa nasikia baridi.

Jumamosi mpe bosi mstari wote, ule ulionyooka na huu utakaoanza leo na vilima vyake. Acha binti yako asimame koridoni aeleze mwenyewe kwa nini ule wa kwanza ulinyooka na chanzo chake kilijulikanaje. Anayetafuta fundi mkuu anataka mtu anayeweza kusema "hapa palikosewa, na sababu ni hii" bila kutafuta pa kuficha uso. Cheo siwezi kukuahidi. Nakuahidi tu kwamba akikipata kitakuwa chake, na akikikosa hatakuwa amekikosa kwa sababu yako.

Ile kofia ya pindo la buluu ivalishe birika, wageni watakuwa na baridi ya safari. Na jirani yako mshonaji mwambie kwamba joto lako limesoma kweli, ila lilikuwa limekatazwa kusema.

Sasa gazeti liweke chini, mama. Anza kwa kuzima taa.